Namna ya Kuandaa Tamasha la Sanaa ya Vitambaa Mtaani: Mwongozo kwa Vikundi vya Tabora

Mji wenye mafundi cherehani barazani, akina mama wanaofuma vitambaa vya makochi jioni, na miembe mikubwa kando ya barabara, una karibu kila kitu kinachohitajika kwa tamasha la sanaa ya vitambaa. Kinachokosekana kwa kawaida ni mpango. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vikundi vya Tabora mjini, ingawa hatua zake zinafaa vilevile kwa Urambo, Sikonge, Nzega au Igunga, ambako mtaa mmoja wa maduka ndio kitovu cha mji.

Sanaa inayozungumziwa hapa ni ile inayotoa kazi ya uzi na kitambaa sebuleni na kuipeleka barabarani, ili shina la mti livikwe, ukuta wa soko ufunikwe kwa viraka, na kamba za vitambaa zipite juu ya vichwa vya wapita njia. Nchini Marekani hutajwa zaidi Magda Sayeg wa Houston, ambaye mwaka 2005 alivika uzi mshikio wa mlango wa duka lake, na kazi hiyo ndogo ikaigwa katika miji mingi. Tangu mwaka 2011, tarehe 11 Juni huadhimishwa na wafumaji wa nchi mbalimbali kwa kuvika uzi vitu vya mitaani. Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni wa Ibrahim Mahama wa Ghana, ambaye kwa miaka mingi amefunika majengo kwa magunia yaliyounganishwa kwa mkono, na mwaka 2024 akafunika sehemu ya jengo la Barbican, London, kwa takriban mita za mraba 2,000 za kitambaa kilichoshonwa mjini Tamale, Ghana. Kinachostahili kuangaliwa katika kazi hiyo si ukubwa wake, bali kwamba jengo lilikuwa London na washonaji walikuwa Tamale, na bado kitambaa kilikaa mahali pake.

Hilo haliwezekani bila kupima kwanza, na ndiyo kanuni ya mwongozo mzima: kila kipande kiwe na mwenyewe, kipimo na mahali pake kabla uzi haujakatwa. Watu wakiambiwa tu walete chochote walicho nacho, mnapata lundo la vitambaa vizuri visivyoenea popote.

Hatua ya kwanza: Kupanga tarehe

Mvua za Tabora huanza Novemba na kumalizika Aprili, pengine zikajikokota hadi siku za mwanzo za Mei. Kitambaa cha pamba kilichonyeshewa huwa kizito, hulegeza kamba, hutoa rangi na huota ukungu kabla ya wiki kuisha, kwa hiyo miezi ya kufikiriwa ni Juni hadi Septemba. Ndani ya miezi hiyo napendekeza Jumamosi ya mwisho ya Juni. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya usafi wa mazingira. Asubuhi maduka huwa yamefungwa, mitaro imezibuliwa na barabara imefagiliwa, na maduka yanapofunguliwa saa nne mtaa uko tayari kupokea wageni bila kamati kulipa hata kibarua mmoja. Kazi zote zishushwe Jumamosi ya mwisho ya Julai, ambayo nayo ni siku ya usafi, kabla watu hawajahamia Ipuli kwa maonyesho ya Nanenane. Wiki nne hizo, au tano katika miaka mingine, zinatosha. Kitambaa kinachokaa nje muda mrefu zaidi ya hapo hufifia kwa jua na kujaa vumbi, na mji ulioanza kwa kukisifia huishia kukinung'unikia.

Siku ya Jumamosi ina faida nyingine: haiingiliani na sala ya Ijumaa wala ibada ya Jumapili, na Tabora ni mji ambao hayo yote mawili hujaza barabara. Mfungo wa Ramadhani na sikukuu za Idi husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, hivyo kalenda iangaliwe upya kila mara. Kwa kuwa shule huwa zimefungwa mwishoni mwa Juni, kazi za wanafunzi zipokelewe kabla Mei haijaisha. Mwalimu akishaondoka likizo na ufunguo wa kabati, hakuna wa kumlaumu.

Hatua ya pili: Kamati na fedha

Kamati ya watu saba inatosha. Pamoja na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, awemo fundi cherehani mmoja, mfumaji mmoja, mfanyabiashara wa mtaa uliochaguliwa, na mtu anayejua kupanda ngazi na kufunga kamba. Huyu wa mwisho ndiye husahaulika, na ndiye atakayewaokoa.

Kikundi kikisajiliwa kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, kinaweza kufungua akaunti na kuandika barua zenye mhuri, jambo linalofupisha safari za ofisini. Katika bajeti, gharama kubwa huwa uzi, kamba, kukodi ngazi, chakula cha wajitolea na kazi ya kufua baada ya tamasha. Wafanyabiashara waombwe vitu kabla ya kuombwa fedha: mwenye duka la vifaa vya ujenzi atatoa kamba ya manila kwa urahisi kuliko noti. Anayechangia atajwe kwenye kipaza sauti na aandikwe kwenye ubao wa shukrani, lakini asishonewe tangazo juu ya mti, kwa kuwa tangazo la kwanza likiruhusiwa, la pili haliwezi kukataliwa, na mtaa utakuwa wa mabango kama mitaa mingine.

Hatua ya tatu: Kuchagua mtaa na kuupima

Chagueni mtaa mmoja tu, wenye urefu wa kati ya mita 300 na 500, wenye kivuli, maduka yanayofunguliwa na wakazi wanaofahamiana. Kishawishi cha kutapanya kazi kutoka stesheni hadi Soko Kuu, na kutoka Kanyenye hadi Ng'ambo, kikataliwe mwaka wa kwanza, kwa sababu kazi zilizotawanyika hazionekani kuwa kitu kimoja. Mtu huona mti mmoja uliovikwa, akadhani ni wa mganga.

Wajumbe wawili watembee mtaa mzima na daftari, futikamba na chaki. Kila mti, ukuta, reli ya kivuko cha mtaro, benchi na nguzo ya baraza inayofaa ipewe namba, na namba hiyo iandikwe pia daftarini pamoja na vipimo. Shina la mti lipimwe mzunguko wake mara tatu, chini, katikati na juu, kwa kuwa mwembe mkongwe haunyooki kama bomba, na fulana iliyofumwa kwa kipimo kimoja italegea juu au itakataa kuzunguka chini. Sentimita 50 za kwanza kutoka ardhini ziachwe wazi. Mchwa wa Tabora hawahitaji mwaliko: kitambaa kikigusa udongo, hujenga njia zao chini yake bila kuonekana, nao mbuzi hawatakosa kutafuna pindo linaloning'inia.

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi kipimo kinavyogeuka kuwa kazi ya watu. Mti namba 6 una mzunguko wa sentimita 180, na sehemu ya kuvikwa ni kuanzia sentimita 50 hadi sentimita 170 kutoka ardhini, yaani kimo cha sentimita 120. Kazi ya kufuma hunyumbuka, hivyo vazi la mti lifumwe likiwa jembamba kwa takriban sehemu moja ya kumi, ili likivutwa likamate shina lenyewe bila kushuka. Badala ya sentimita 180, sentimita 160 zinatosha. Kikundi kikikubaliana kwamba kila mtu afume miraba ya sentimita 20 kwa 20, mti huo unahitaji miraba minane ya kuzunguka na sita ya kwenda juu, jumla 48. Akina mama kumi wakifuma miraba mitano kila mmoja, kazi imekwisha na miwili imebaki ya akiba. Mtu aliyeambiwa kwamba anadaiwa miraba mitano ya mti namba 6 hufuma. Aliyeambiwa kwamba achangie tamasha husubiri wengine waanze.

Kuna vitu visivyoingia daftarini hata vikivutia namna gani. Nguzo za umeme, taa na alama za barabarani, na vifaa vya zimamoto havivikwi kitu. Majengo ya kihistoria nayo yaachwe mpaka mamlaka yake itoe idhini ya maandishi. Tembe la Livingstone kule Kwihara, kwa mfano, ni urithi unaolindwa, na kamba iliyofungwa kwa nia njema huweza kung'oa plasta ya zamani.

Hatua ya nne: Vibali na ridhaa

Anzeni chini kwenda juu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa kata wakishafahamishwa, barua iende kwa Mkurugenzi wa Manispaa kupitia afisa utamaduni, ikiambatishwa ramani ndogo ya mtaa, orodha ya vitu vitakavyovikwa, tarehe ya kufunga na tarehe ya kushusha. Tarehe ya kushusha ndiyo huwatuliza wakubwa. Ofisa anayesoma barua isiyo na mwisho hufikiria malalamiko ya mwezi wa kumi. Kwa barabara za mjini nakala iende TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na iwapo mtaa wenu umo kwenye barabara kuu au ya mkoa, iandikiwe TANROADS, wakala wa barabara hizo. Polisi wapewe taarifa kuhusu mkusanyiko na kufungwa kwa barabara, na kukiwa na wasanii wa jukwaani, afisa utamaduni ataelekeza taratibu za BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Barua zote zitoke Februari.

Ridhaa ya wenye nyumba na maduka ni jambo jingine, na haiombwi kwa barua. Inaombwa kwa miguu, saa ambayo biashara imetulia, na mwenye umri mkubwa katika kamati atangulie:

"Shikamoo, mama. Tumetoka kikundi cha wafumaji, tunaomba kuupamba ukuta wako wa huku barabarani wakati wa tamasha."

"Marahaba, wanangu. Nyumba yangu mtaitoboatoboa?"

"Hatutapiga msumari hata mmoja, mama. Kamba itafungwa kwenye nondo za dirisha, na Jumamosi ya mwisho ya Julai tunaifungua wenyewe."

Jibu la mama huyo liandikwe daftarini mbele yake, pamoja na masharti yake. Mwenye duka akisema kitambaa kisifunike bei za mchele, basi kisifunike, na anayekataa asirudiwe kwa kushawishiwa. Kuta mbili zilizoachwa wazi hazijawahi kuharibu mtaa.

Hatua ya tano: Wazo moja la kuunganisha kazi zote

Tamasha bila wazo huwa maonyesho ya rangi. Tabora haina haja ya kuazima wazo, maana mji huu ulikua juu ya mabega ya waliobeba vitambaa. Katika karne ya 19 hapa palikuwa njia panda ya misafara, njia moja ikielekea Ujiji na nyingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na fedha ya safari hizo ilikuwa kitambaa: merikani, yaani kitambaa kisichotiwa rangi kilichotoka viwanda vya Marekani, na kaniki iliyochovywa nili, vikihesabiwa kwa shuka na doti. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mzigo wa takriban kilo 30 kila mmoja, wakitembea miezi kutoka pwani. Mkoa bado unalima pamba, hasa Igunga na Nzega, na mjini palijengwa kiwanda cha nyuzi. Mtaa mmoja unaweza kusimulia yote hayo kwa mpangilio: mwanzoni kaniki na merikani, katikati kanga na vitenge, mwishoni mitumba iliyofumuliwa na kushonwa upya.

Napendekeza kionyesho kimoja kisichokuwa cha kutazamwa tu. Fungeni mzigo wa vitambaa wa kilo 30 kwa umbo la zamani, robota refu lililoviringishwa na kukazwa kwa kamba baina ya fito, muuweke kwenye baraza la duka la katikati, na kila apitaye aruhusiwe kuuweka begani na kutembea nao hadi mti unaofuata. Asimame kijana mmoja wa kuusaidia kupanda na kushuka, kwa usalama wa mgongo wa wazee wanaopenda kuthibitisha kwamba bado wana nguvu.

Hatua ya sita: Kukusanya malighafi

Chini ya kila meza ya fundi cherehani kuna mabaki ya vitenge ambayo jioni hufagiliwa na kuchomwa. Mpeni kila fundi wa mtaa gunia moja tupu lenye namba, na kijana mmoja ayapitie magunia kila Jumamosi kuanzia Machi. Mabaki yachambuliwe siku hiyohiyo katika mafungu matatu: pamba, tetroni na vinginevyo, na vyenye unyevu vianikwe kabla ya kuhifadhiwa. Kitenge na kanga mpya zifuliwe kabla ya kushonwa, kila rangi peke yake, mpaka maji yawe meupe. Nyekundu isiyofuliwa ikiunganishwa na nyeupe itamwaga rangi kwenye umande wa kwanza.

Kwa kazi za kufuma, uzi wa akriliki unaouzwa madukani unafaa kuliko wa pamba kwa kitu kitakachokaa juani, kwa kuwa haunywi maji mengi na rangi yake hustahimili jua muda mrefu zaidi. Sweta za mitumba zilizochakaa nazo ni ghala la uzi: zikikatwa mshono wa ubavuni na kufumuliwa kuanzia juu, uzi wake ukaviringwa kwenye kiti, ukaloweshwa na kuanikwa ukiwa umening'inizwa na kitu kizito kidogo, mikunjo hupotea.

Hatua ya saba: Kufuma, kuunga viraka na kutia batiki

Aprili na Mei ni miezi ya kazi. Mahali pa kukutania pawe pamoja na siku iwe moja, tuseme Jumatano alasiri, hata kama wengi watafumia nyumbani, kwa sababu ni pale ambapo mraba wa sentimita 17 hugunduliwa ungali mikononi. Fundi mkuu akate fremu ya boksi gumu ya sentimita 20 kwa 20 na kila mfumaji apewe yake. Mraba ukienea kwenye fremu umepokelewa. Mishono ya kuunganisha miraba iwe ya uzi wa rangi moja kwa tamasha zima, tofauti na rangi za kazi, na mshono wa mwisho wa kufunga vazi mgongoni mwa mti ushonwe kwa hatua ndefu. Siku ya kushusha, mkasi utajua pa kupita.

Viraka vya ukutani vishonewe juu ya kitambaa kigumu cha nyuma, kwa mfano magunia ya katani yaliyooshwa, na pindo la juu likunjwe upana wa sentimita 8 ili kamba au fito ipite ndani yake. Ukuta unaofunikwa kwa kipande kimoja kikubwa hupendeza, lakini ukuta uliogawanywa katika vipande vya mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, yaani takriban kanga moja, hubebeka, hufulika na hurekebishika.

Katika batiki Tabora ina bahati ambayo miji mingine haina, nayo ni nta ya nyuki. Batiki hutengenezwa kwa kuzuia rangi isiingie mahali palipopakwa nta. Nta ya mishumaa ya dukani ikitumiwa peke yake huwa kavu na kupasuka, na rangi hupenya kwenye nyufa. Nta ya nyuki ni laini, hukaa kwenye kitambaa bila kuvunjika na huacha mstari safi. Mafundi huchanganya zote mbili kulingana na wanachotaka: wakitaka mishipa mingi ya rangi huzidisha ya mishumaa, wakitaka maandishi yanayosomeka huzidisha ya nyuki. Muhuri wa kuchapia huchongwa kwa sponji ya godoro iliyokatwa umbo la jani, jembe, mzinga au chochote mtakachoamua, ukachovywa kwenye nta ya moto na kugandamizwa kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa na kunyooshwa mezani. Sekunde chache zinatosha. Nta iliyopenya vizuri huonekana nyuma ya kitambaa kama doa la mafuta. Ikibaki nyeupe juujuu tu, ilikuwa imepoa, na rangi itapita chini yake.

Rangi iwe ya kuchovya kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya moto yatayeyusha mlichokichora. Baada ya kukauka, kitambaa huchemshwa ili nta iachie. Nta huelea, na maji yakipoa huganda juu, ikatolewa na kutumiwa tena.

Kazi hii ina hatari mbili zisizopuuzwa. Nta iyeyushwe kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, kamwe si moja kwa moja juu ya moto, na ikishika moto ifunikwe kwa mfuniko au mchanga. Kuimwagia maji ni kuutawanya moto. Ya pili ni magadi makali yanayoitwa kostiki soda, ambayo huingia katika baadhi ya rangi za batiki. Soda humiminwa polepole kwenye maji, si maji kwenye soda. Anayeichanganya avae glavu na miwani, watoto wakae mbali, na maji yaliyobaki yasimwagwe karibu na kisima wala kwenye bustani ya mboga.

Hatua ya nane: Maneno na rangi

Watu watataka kushona maneno, na wana haki, kwani kanga imetuzoesha kusoma kitambaa. Lakini maneno ya kanga yana meno. Yule atakayeleta ujumbe wa kumsuta jirani anayekaa mkabala na mti namba 9 hatasema kwamba anamsuta jirani, na mtaa mzima utajua ndani ya saa moja. Wajumbe wawili, mmoja wao mwanamke mtu mzima anayeifahamu historia ya mtaa, wayasome maneno yote kabla hayajashonwa. Matusi, vijembe, siasa na matangazo yarudishwe kwa upole.

Rangi nazo husema. Kijani na njano zikikaa pamoja juu ya kamba moja, nusu ya mji itaona chama na nusu nyingine itaona Yanga. Zichanganyeni na bluu, zambarau na nyekundu hadi ubishi uishe. Bendera ya Taifa isikatwe wala isishonwe kuwa pambo, maana alama za Taifa zina sheria yake.

Hatua ya tisa: Kufunga

Kazi ya kufunga ifanyike Alhamisi na Ijumaa asubuhi kabla ya ufunguzi. Anayepanda ngazi asiwe peke yake. Mmoja apande, mmoja ashike, wa tatu azuie bodaboda. Miti ikaguliwe kwanza. Miembe yetu huanza kuchanua majira ya kiangazi na nyuki huifuata, kwa hiyo mtu atazame juu na kusikiliza kabla hajaweka ngazi, na mti wenye kundi la nyuki uachwe. Msumari, waya na gundi visitumike popote. Vazi la mti lizungushwe, livutwe na kushonwa likiwa palepale kwenye shina.

Kamba zinazovuka barabara zinahitaji uangalifu mkubwa kuliko kitu kingine chochote. Kamba inayobeba uzito iwe ya manila. Ya katani ibaki kuwa pambo. Ipite juu ya kimo cha mita 5 na nusu katikati ya barabara, ambako ndiko huning'inia chini zaidi, na mamlaka ya barabara ikitaja kimo kingine, chake kifuatwe. Malori ya mizigo hayatawaomba radhi. Pepo za Julai hukigeuza kitambaa kipana kuwa tanga la jahazi, hivyo juu ya barabara tundikeni vipande vyembamba vya upana wa sentimita 15, vilivyoshikwa upande wa juu tu, au kazi za kufuma zenye matundu ambayo upepo hupita. Kamba zisikaribie nyaya za umeme hata kidogo. Kwa upande wa chini, vitambaa vikae angalau mita mbili kutoka kwenye majiko ya mama lishe na wachoma mahindi, hasa tetroni, ambayo ikishika moto huyeyuka na kudondoka.

Kila kazi iwe na lebo ya kitambaa yenye namba, jina la aliyeitengeneza na mtaa wake, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika. Mfumaji atakuja na wajukuu kutafuta jina lake, si kusikiliza hotuba.

Hatua ya kumi: Siku yenyewe

Ufunguzi uwe saa tano asubuhi na hotuba zisizidi tatu. Baada ya hapo mtaa ujieleze wenyewe: meza moja ya kuwafundisha watoto kushona kwa sindano butu kwenye vipande vya gunia, meza nyingine ya wafumaji kuuza kazi zao, ambayo itenganishwe na maonyesho ili mgeni asipime bei ya kilicho mtini, na kona ya batiki kavu isiyo na moto. Wapiga picha waombe ruhusa kwa wazazi kabla ya kupiga picha watoto. Katika wiki zinazofuata, wenye maduka wenyewe ndio walinzi wazuri. Kila duka lipewe kazi moja ya kuiangalia na namba ya simu ya mjumbe wa kupigiwa kamba ikilegea.

Hatua ya kumi na moja: Kushusha, kufua na kurudisha

Siku ya kushusha anzeni na kamba za juu ya barabara, kisha kuta, na miti iwe ya mwisho. Mkasi ukate mshono mrefu wa mgongoni na kamba za kufungia, si uzi wa kazi. Kila kipande kikung'utwe kwa nguvu kabla ya kukunjwa, kwa sababu buibui na wadudu wengine watakuwa wamehamia, kisha vyote vihesabiwe kwa namba za daftari. Kufua kufanyike kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, na kuanika kuwe kivulini, maana vitambaa hivi vimeshakula jua la kutosha. Vinavyotunzwa kwa mwaka unaofuata vikunjwe vikiwa vikavu kabisa, vikae juu ya kichanja na si sakafuni, vikiwa na majani makavu ya mwarobaini katikati ya mikunjo.

Kila mwenye kazi arudishiwe kazi yake na asaini daftari. Kazi ambazo mwenyewe hajazichukua ndani ya siku 30 ziwe mali ya kikundi. Miraba ya miti, ikiunganishwa minane kwa minane, hutoa shuka la kujifunika la mita 1.6 kila upande, na wodi za watoto hazijawahi kukataa mashuka yaliyofuliwa vizuri, mradi muuguzi wa zamu aulizwe kwanza kuhusu masharti ya usafi.

Ndani ya wiki mbili mweka hazina asome mapato na matumizi mbele ya wanachama, risiti zikiwa mezani. Barua ya mwisho iende Manispaa, TARURA na kwa mwenyekiti wa mtaa, ikiwa na picha za kila mti na kila ukuta baada ya kazi kushushwa. Nakala yake ihifadhiwe pamoja na daftari la vipimo, kwa kuwa ndivyo viambatisho vya kwanza vya maombi ya kibali cha mwaka unaofuata.